Kikombe cha Koo na Ng'ombe Saba wa Bi Mwantumu

Wenzangu wa kituoni mliniomba niwaachie machache kwa maandishi. Nimestaafu mwezi uliopita, na tangu hapo nimeandika ukurasa wa kwanza mara sita. Mara ya kwanza nilianza na tarehe ya kuajiriwa, nikaona nafungua faili la masjala. Mara ya pili nilianza na shukrani, nikaogopa kumsahau mtu, nikaandika orodha, kisha nikaogopa mpangilio wa orodha. Mke wangu, ambaye amenizoea kwa miaka mingi kuliko inavyostahili, aliniambia nianze na kitu kimoja ninachoweza kukieleza bila kufikiri. Kwa hiyo naanza na kikombe.

Kikombe hicho ni cha shaba, mdomo wake haufiki upana wa kikombe cha kahawa, na kimeunganishwa kwenye ncha ya chuma chembamba kirefu kilichopinda kidogo. Kazi yake ni kuingia mdomoni mwa ng'ombe, kupita juu ya ulimi, kufika kooni, kukwangua kidogo na kurudi na mate yenye utando. Vijana wa leo mnacho cha chuma kisichoshika kutu na mnakichemsha kwenye mtungi wa umeme. Sisi tulikuwa nacho kimoja, na kilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe aliitwa Mzee Nandonde. Alikuwa mtu wa Newala, ukoo wa wachongaji, na hakuwa na cheti hata kimoja ila cha ubatizo. Nilipofika kituoni siku ya kwanza, miaka michache baada ya Azimio la Arusha, nilivaa viatu vipya na kubeba mkoba wenye shahada yangu ndani, nikidhani mtu ataomba kuiona. Hakuna aliyeomba. Kituo kilikuwa vyumba vitatu kando ya njia ya Pugu, jokofu moja la mafuta ya taa na Landrova moja. Mzee Nandonde alinitazama viatu, akatazama mkoba, akasema:

"Karibu, Ndugu Shahada. Umewahi kumshika ng'ombe ulimi?"

Nikamwambia nimeandika tasnifu nzima juu ya kinga ya kooni kwa ng'ombe.

"Sijauliza umeandika nini," alisema. "Nimeuliza umeshika nini."

Alasiri hiyo nilishika ulimi wa ng'ombe kwenye mnada wa Pugu, ukaniteleza mara nne. Mara ya tano kikombe kilitoka na majani yaliyocheuliwa. Mzee Nandonde aliyamwaga chini na kunionyesha upya: mmoja anashika pembe na pua, wa pili anavuta ulimi pembeni, wa tatu anateremsha kikombe bila kusukuma, anangoja ng'ombe mwenyewe ameze, kisha anakipeleka mbele na nyuma mara saba au nane. Ukikuta majani umefika mbali. Ukikuta povu tupu hujafika. Baada ya kila ng'ombe kikombe kinapita ndoo tatu, maji, magadi, maji, na huruki ndoo hata mvua ikinyesha. Hayo ndiyo mafunzo niliyopata kazini. Mengine yote nilikuwa nayo tayari, na hayakunisaidia.

Sasa niseme kwa nini tulikuwa tunakwangua koo. Mnaujua ugonjwa wa miguu na midomo: malengelenge ulimini na katikati ya kwato, udenda unaning'inia, ng'ombe anachechemea, maziwa yanakatika. Wengi hupona. Akishapona, damu yake imejaa kinga, na ukipima damu unapata picha ya ushindi. Taabu ni kwamba kirusi chenyewe kinaweza kubaki nyuma ya ulimi, kwenye ngozi laini ya kooni, miezi mingi, pengine miaka, huku ng'ombe anakula na kucheua kana kwamba hakijampata kitu. Na koo nalo lina kinga yake lenyewe, ya mahali hapo hapo, inayotoka kwenye utando na mate, ambayo damu haiwezi kukupa habari zake. Wakati ule hayo yalikuwa maarifa mapya. Niliyapenda kama watu wengine wanavyopenda mpira. Niliamini kwamba koo la ng'ombe likichunguzwa vizuri litathibitisha kwamba kinga ya mahali humfukuza adui mpaka wa mwisho. Angalieni neno nililotumia: litathibitisha. Sikuwa nimeuliza swali, nilikuwa nimeshaandika jibu.

Mwaka wa pili ilikuja amri. Huko Mbezi, ambako leo ni mageti na kuta zenye chupa zilizovunjwa juu, wakati huo palikuwa mikorosho, mihogo na nyumba moja moja. Kijiji kipya cha ujamaa kilikuwa kinapangwa, na ndani yake shamba la maziwa la kijiji, litakaloletewa mitamba ya kisasa kutoka nyanda za juu. Mitamba hiyo haikuwahi kukutana na ugonjwa wetu. Kwa hiyo ng'ombe yeyote wa jirani aliyewahi kuugua achunguzwe koo, na atakayekutwa na kirusi apelekwe machinjioni Vingunguti. Jirani mwenye ng'ombe alikuwa mmoja tu.

Bi Mwantumu binti Shomari alikuwa Mzaramo wa hapo hapo, mjane. Marehemu mumewe alikuwa Mgogo aliyeswaga ng'ombe wa watu kutoka bara hadi Pugu, na kwa kila safari chache alijibakizia ndama mmoja mdhaifu. Alipofariki aliacha wawili. Bi Mwantumu aliwafikisha saba, katika mtaa ambao watu walimwona mwenda wazimu kwa kufuga mnyama anayekula zaidi yake. Wote saba walikuwa wameugua mwaka uliotangulia na wote walipona. Hakuwa na shamba kubwa wala mtoto aliyesoma. Alikuwa na ng'ombe saba, na kila mmoja alikuwa na jina.

Tulimpelekea taarifa siku mbili kabla: Jumanne tutakuja kuangalia vinywa vya ng'ombe, tafadhali wasipelekwe malishoni. Jumanne tukafika, Mzee Nandonde, dereva wetu na mimi. Uwanja ulikuwa umefagiliwa mpaka alama za ufagio zinaonekana. Bi Mwantumu alikuwa amejifunga kanga mpya.

"Shikamoo, Bi Mwantumu," nilisema.

"Marahaba, mwanangu." Akamgeukia Mzee Nandonde. "Huyu ndiye daktari mwenyewe? Mbona mdogo hivi? Au wamemleta kwanza huyu, mkubwa yuko nyuma?"

"Ndiye huyu huyu," Mzee Nandonde alisema. "Mkubwa wake ni karatasi."

Ng'ombe walikuwa watulivu na vinywa vyao vilikuwa safi ajabu. Niliandika kwenye daftari, nakumbuka, "hali ya vinywa: nzuri mno." Tulikwangua saba bila kurudia hata mmoja. Nilijiona nimekuwa fundi. Kila sampuli tuliitia kwenye kichupa chenye maji ya kuhifadhia, ambayo yana rangi ya waridi, na hapo nikaona jambo. Maji yaligeuka manjano, vichupa vyote saba, mbele ya macho yangu.

Kijana yeyote wa mwaka wa kwanza anajua kwamba maji hayo yakigeuka manjano kuna tindikali imeingia. Mimi pia nilijua. Lakini kujua jambo dogo kulikuwa hakunitoshi. Niliketi kwenye ngazi ya Landrova nikafikiri, na nilipomaliza kufikiri nikaandika kwamba badiliko la rangi "huenda linaashiria ukali wa mapambano ya kinga ya mahali dhidi ya kirusi." Mzee Nandonde alikuwa anasuuza kikombe kwenye ndoo ya pili. Alivitazama vichupa, akanitazama mimi, akaendelea kusuuza.

Sampuli zilisafiri ndani ya barafu mpaka maabara kubwa ya nje, kwa kuwa sisi hatukuwa na uwezo wa kuotesha virusi. Majibu yalichukua wiki sita. Hakuna kirusi, ng'ombe wote saba. Chini kabisa kulikuwa na mstari mdogo: sampuli zilifika zikiwa na tindikali. Nikafikiri ni joto la safari. Niliandika ripoti ya kurasa kumi na moja. Mkuu wetu wa kituo aliisoma kwenye mkutano wa wilaya, mahali pa kutoa taarifa za mafanikio, kati ya taarifa ya choo cha shule na taarifa ya mbegu za mtama. Ilipigiwa makofi. Nimeona ripoti nyingi tangu hapo na bado sijui mtu anapigaje makofi kwa ajili ya mate.

Nilikwenda mwenyewe Mbezi kumpa Bi Mwantumu habari njema, nikiwa na Mzee Nandonde. Alicheka, akapiga kigelegele kifupi, akaleta viti.

"Mie nilijua tu watafaulu," alisema.

"Ulijuaje?"

"Khaa! Si niliwasukutua?"

Nikauliza aliwafanya nini.

"Niliwasukutua, mwanangu. Ndimu na chumvi. Alfajiri, kabla hamjafika, kila mmoja chupa nzima, nikawamiminia mpaka kooni. Tabu alinipiga teke hapa, tazama. Lakini wakanywa."

"Kwa nini, Bi Mwantumu?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Weye ukienda kwa daktari wa meno unakwenda na mdomo unanuka? Mtu anatoka mjini na elimu yake, aje kuchungulia vinywa vya ng'ombe wangu, akute harufu ya majani ya jana? Ungekwenda kusema nini huko kwenu? Kwamba kwa Mwantumu hakuna ustaarabu?"

Kirusi hiki, wenzangu, kinavumilia baridi, kinavumilia safari, lakini tindikali hakiiwezi hata kidogo. Ndimu kwake ni kama moto. Bi Mwantumu, kwa heshima yangu, alikuwa amesafisha makoo yote saba na kunikabidhi ushahidi wa usafi wake. Na mimi nilikuwa nimeuandikia kurasa kumi na moja.

Tulirudi mpaka Ubungo. Hapo nikashindwa kujizuia.

"Mzee, maji yaligeuka manjano."

"Yaligeuka."

"Uliona?"

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unaandika," alisema. "Tena ulikuwa unatabasamu. Nikasema labda huko chuoni wamewafundisha kitu kipya."

Siku nne sikulala vizuri. Nilipiga hesabu za dhamiri kwa kila upande. Nikinyamaza, huenda ng'ombe mmoja ana kirusi, mitamba ikaja ikaugua, na chanzo ni cheti chenye sahihi yangu. Nikisema, huenda ng'ombe wa mama wa watu wakachinjwa kwa sababu alinikirimu. Nilimwuliza Mzee Nandonde yeye angefanyaje. Alisema yeye angekuwa ameshakwenda kwa mkuu tangu siku ya kwanza, akafukuzwa, na sasa angekuwa amepumzika.

Mkuu wa kituo alikuwa mtu mpole aliyevaa suti ya mikono mifupi na kuogopa barua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga dirisha.

"Ndugu, ripoti imeshasomwa."

"Ndiyo, Ndugu Mkuu. Lakini si sahihi."

"Imepigiwa makofi. Wewe unajua namna ya kurudisha makofi?"

Nikasema sijui.

"Basi rudieni kuchunguza. Ila mkiandika, andikeni mnathibitisha mafanikio."

Tulikwenda kuthibitisha mafanikio. Safari hii nilimwomba Bi Mwantumu asiwasafishe ng'ombe wala kuwapa kitu zaidi ya majani na maji. Nilijitahidi kumweleza kwa upole, na upole wangu ulimwumiza zaidi. Alisimama pembeni muda wote na uso wake ameugeuzia mikorosho, kama mtu anayelazimishwa kupokea wageni na nguo za shamba. Vichupa vilibaki na rangi yake ya waridi. Majibu yaliporudi, ng'ombe watano walikuwa safi. Wawili, Tabu na Mwadawa, walikuwa na kirusi kooni. Na jambo lililonivunja moyo zaidi kitaaluma, ingawa naona haya kulitaja hapa, ni kwamba mate ya hao wawili ndiyo yaliyokuwa na kinga nyingi kuliko ya wote. Askari walikuwapo tele, na adui alikuwapo, wanaishi nyumba moja. Tasnifu yangu haikuwa imetaja uwezekano huo.

Niliomba nikamwambie mwenyewe. Nilimkuta anamkama Mwadawa.

"Anaumwa?" aliuliza.

"Haumwi."

"Maziwa yake yana sumu?"

"Hayana."

"Basi ana nini?"

"Ana kirusi kooni."

"Kinamfanya nini?"

"Yeye hakimfanyi kitu."

"Kitawafanya nini hawa wenziwe?"

"Hawa wameshaugua, wana kinga."

"Sasa kitamfanya nani?"

"Mitamba ya kijiji."

Bi Mwantumu aliinua kichwa akatazama kule kwenye shamba la kijiji. Nami nikatazama. Kulikuwa na nguzo zilizosimamishwa na waya upande mmoja. Nguzo mbili zilikuwa zimechipua majani.

"Ipi?"

"Itakayokuja."

"Kwa hiyo Tabu na Mwadawa, ambao wapo, wachinjwe kwa ajili ya ng'ombe ambao hawapo."

"Pengine watawaambukiza, Bi Mwantumu."

"Pengine ndiyo siku gani?"

Nawaambia ukweli, hata leo sina jibu zuri. Ng'ombe mwenye kirusi kooni anaweza kuwaambukiza wengine. Wataalamu wamebishana juu ya hilo kazi yangu yote, na wachache waliwahi kuliona likitokea. Lakini amri haikuandikwa kwa lugha ya pengine.

Aliyewaokoa hakuwa mimi. Nilirudi kwa mkuu wa kituo na pendekezo nililoliandika mara tatu, kwamba wale wawili watengwe ng'ambo ya kijito, tuwachunguze kila mwezi mpaka makoo yasafike. Niliandaa hoja tisa. Alisoma ya kwanza tu.

"Tukiwachinja," alisema polepole, "tutaandika wamechinjwa kwa nini?"

"Kwa sababu wana kirusi."

"Na ripoti iliyopigiwa makofi inasema hawana." Alifikiri kidogo. "Watengwe. Kimya kimya. Wakionekana wametoka huko kabla hujaniletea majibu matatu safi mfululizo, wanakwenda Vingunguti siku hiyo hiyo, na wewe utawasindikiza."

Ndivyo Tabu na Mwadawa walivyopewa maisha, na ndivyo mimi nilivyopewa utafiti. Bi Mwantumu alijenga zizi dogo la miti ng'ambo ya kijito, chini ya mikorosho, hatua kama mia mbili kutoka kwa wenzao. Nilimweleza sharti lote, na Vingunguti nikaitaja kwa jina. Alisema amesikia. Na kila Jumanne ya kwanza ya mwezi tulifika na kikombe, na kila Jumanne tukawakuta wawili hao zizini kwao, wamefungwa vizuri, wanacheua.

Tulifanya hivyo miezi kumi na minne. Miezi miwili tulikosa, mmoja kwa sababu ya petroli na mmoja kwa sababu kiwanda cha barafu kilikuwa kimeharibika. Nilijifunza mambo ambayo hayamo kwenye vitabu. Kwamba Tabu humeza kikombe kirahisi zaidi ukimwimbia, na kwamba Mzee Nandonde, ambaye hakuwahi kukubali kuimba mbele ya binadamu, alimwimbia. Kwamba kirusi hupungua kooni kwa namna isiyo na adabu: mwezi huu hakuna, mwezi ujao kipo, unafurahi na unaaibika kwa zamu. Kwamba mitamba inaweza kuchelewa kwa sababu ya meli ya dawa, kisha kwa sababu ya josho lisilokwisha, kisha kwa sababu ya barua iliyokwenda mkoa mwingine. Mitamba haikufika. Mpaka leo haijafika. Lakini amri ya koo haikufutwa, kwa sababu aliyeitoa alihamishwa na aliyempokea hakuwa na habari kwamba ipo.

Majibu safi ya tatu yalifika siku ya Ijumaa. Sikuweza kungoja Jumanne. Jumamosi asubuhi nilipanda baiskeli ya kuazima mpaka Mbezi, nimejaa vumbi na furaha, nikapitia njia ya kijitoni ili nikawaone Tabu na Mwadawa kwanza.

Zizini palikuwa na maboga. Si maboga mawili matatu yaliyojiotea. Palikuwa pamepandwa kwa mistari, yametambaa mpaka juu ya miti ya uzio, na makubwa kwelikweli, kwa kuwa mbolea ilikuwepo. Nafasi ya kusimama ng'ombe wawili tu ilikuwa imeachwa karibu na mlango, na hapo ndipo tulipofanyia kazi kila Jumanne; majani ya nyuma yao nilikuwa nikidhani ni magugu.

Nilivuka kijito. Katika zizi kubwa ng'ombe wote saba walikuwa pamoja, na ndama watatu waliozaliwa mwaka huo. Tabu alikuwa anamlamba ndama mmoja usoni, taratibu, pua na mdomo, kwa ulimi ule ule nilioushika kule kijitoni mara kumi na mbili.

"Shikamoo," nilisema.

Bi Mwantumu alikuwa anakamua. Hakugeuka. "Marahaba. Leo si siku yako."

"Bi Mwantumu, hawa wako hapa tangu lini?"

"Tangu siku ya tatu. Tabu alilia kutwa kucha. Mwadawa akagoma maziwa. Ng'ombe si mfungwa, mwanangu."

"Lakini kila Jumanne nawakuta kule!"

"Kila Jumanne nawapeleka. Mgeni ana utaratibu wake. Si vizuri kumwaibisha."

Nilikaa chini, kwenye kinyesi nadhani. Nilitaka kukasirika, na nilikuwa na kila haki. Lakini akili yangu, ambayo haijawahi kunitii, ilikuwa imeshawakimbilia ndama. Walikuwa watatu. Hawakuwahi kuugua. Kinga ya maziwa ya mama huwalinda miezi michache ya mwanzo, halafu inakwisha, na hapo wanabaki wazi kabisa. Wawili kati yao walikuwa wameshapita muda huo kitambo, na kwa muda huo wote walikuwa wanalambwa midomo na ng'ombe wawili wenye kirusi kooni. Swali ambalo wataalamu walikuwa wanabishania, mama huyu alikuwa amelijibu zizini kwake kwa kutomtii daktari.

Jumanne tulikuja na Mzee Nandonde tukachukua damu ya ndama. Nilipomsimulia alicheka mpaka akafuta machozi kwa kofia. Majibu yalipofika yalionyesha kwamba ndama hawakuwa na alama yoyote ya kuwahi kuambukizwa.

Niliandika ripoti ya kurasa sita. Nilikuwa nimejifunza kufupisha. Ukurasa wa nne ulieleza ukweli wote: zizi la kutengwa halikutumika ila siku za uchunguzi, ng'ombe walikaa pamoja, ndama hawakuambukizwa. Niliona ndio ukurasa wa maana kuliko yote niliyowahi kuandika, na sijabadili mawazo. Niliupeleka kwa mkuu wa kituo. Aliusoma mara mbili, akachukua kalamu nyekundu, lakini hakuandika kitu.

"Ukurasa huu ukitoka hapa," alisema, "unasema mambo mawili. La kwanza ni la sayansi, na sina sababu ya kulipinga. La pili ni kwamba ng'ombe wenye kirusi walitoka walikotengwa, na amri ipo. Huwezi kuwapa watu la kwanza ukawaficha la pili."

"Lakini sasa ni safi, Ndugu Mkuu."

"Mimi najua. Wewe unajua. Mtu wa wilayani atasoma neno 'walitoka', atatafuta amri, ataikuta. Hatasoma mbele."

Aliniwekea kalamu mezani na kutoka nje. Nilibaki peke yangu na ukurasa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikufikiri muda mrefu. Niliuchomoa, nikaandika mahali pake kwamba ng'ombe walitengwa kwa mujibu wa maelekezo, nikaweka sahihi. Ripoti ikawa ya kurasa tano, ikapelekwa, na sidhani kama kuna aliyeifungua. Tabu aliishi miaka saba zaidi. Mwadawa alizaa mara tatu. Bi Mwantumu alifariki mzee sana, na ng'ombe wake hawakufika Vingunguti kwa amri ya mtu.

Mmeniuliza nini kiliwahi kunisumbua kazini. Ni hicho. Si uongo wenyewe, maana ningeusema tena. Ni kwamba mtafiti hakutajwa. Mkuu wa kituo hayupo tena, Mzee Nandonde hayupo, amri nadhani imeoza, na mimi sina cheo ambacho mtu anaweza kuninyang'anya. Kwa hiyo naandika ukurasa wa nne upya, nanyi mkiutumia, tumieni kwa tahadhari, kwa kuwa ndama watatu ni wachache na zizi moja si nchi:

Ng'ombe wawili wenye kirusi cha miguu na midomo kooni walikaa zizi moja na ng'ombe watano waliopona, na ndama watatu waliozaliwa humo, wasio na kinga yao wenyewe, kuanzia siku ya tatu ya kutengwa hadi makoo yao yalipokuwa safi. Walikula pamoja, walikunywa pamoja, walilambana. Hakuna ndama aliyeugua. Damu yao haikuonyesha maambukizo. Mtafiti mkuu: Bi Mwantumu binti Shomari, Mbezi. Msaidizi wake, Jumanne ya kwanza ya kila mwezi: mimi.